Mukoromo wa Mapendo

Juma tatu, 8/3/1999
Tumelala tena muchana. Hapa mulimani juu ya Lweba, tulipokimbilia vita, ni vile: kupika usiku, moshi usionekane; muchana kulala na kunyamaza, askari banapita barabara ya chini. Mapendo, mutoto wa dada yangu, iko na mimba ya miezi saba. Anakoroma sawa mashini ya kusaga muhogo. Jirani yetu Mama Furaha ameniambia, "Mujomba, huyu atatuuzisha kwa askari!" Nikamujibu, mimi nililalisha kiboko ziwani kule Ubwari kwa kofi moja. "Basi lalisha na huyu, bila kelele." Bakacheka. Mi sikucheka.

Alhamisi, 11/3
Bantu tuko nabo banataka Mapendo ajifiche peke yake, mbali, juu ya ule mukoromo. Nimekataa. Nimemulalisha chali, nikamupaka majani puani. Alikoroma, kiisha kimya. Kimya kabisa! Bantu bamenipigia makofi bila sauti. Mi muganga wa kuzaliwa.

Juma tatu, 15/3
Ananyamaza, kiisha anashituka sawa muntu mwenye kutolewa majini. Miguu imevimba. Akiamuka, kichwa kinamuuma. Jana alisinzia na kikombe mukononi. Nimesema dawa inafanya kazi.

Juma tano, 17/3
Muganga mumoja wa hospitali amekimbia toka muji wa Baraka, amefika na mashini ya kupima tansiyo ya damu tu. Tansiyo ya Mapendo iko juu sana. Akakaa, akamuangalia akilala, akihesabu kwa vidole. "Mujomba, ile kimya munashukuru Mungu juu yake, ni pumuzi inakatika. Ikikatika kwa mama, na mutoto anakosa hewa. Hakomai vizuri." Amesema alale upande wa kushoto, kichwa juu.
Nimeona haya. Haya tupu. Kimya nilijivuna nayo.
Nimefunga gunzi la muhindi ndani ya kitenge, mugongoni mwake. Akigeuka chali, linamuchoma. Hiyo akili ni yangu, si ya muganga.

Juma mosi, 20/3
Askari chini yetu, karibu sana. Mapendo amelala, anakoroma kidogo. Mama Furaha amekuja na kitambaa, amuzibe kinywa. Nimekaa katikati. "Akikoroma, anaishi. Anza na mimi." Akarudi nyuma, akilia. Askari bamepita. Nimejikojolea. Hii sitasimulia.

Siku ya Mungu, 25/4
Mutoto mwanamuke, mbele ya wakati. Anaenea ndani ya mikono yangu miwili. Ananyonya. Tansiyo ya mama imeanza kushuka. Bameniomba hadisi ya kiboko. Nimekataa.
Mapendo amelala upande wa kushoto. Anakoroma.
Nasikiliza.