Ubeti wa Loai Uliogeuka Alama za Kuuliza

Bi Shaikha mpenzi, shikamoo, nakuandikia kwa mkono mmoja maana wa pili umemlaza mwanangu Loai, ukiona mwandiko umepanda na kushuka ujue ni yeye kajinyoosha, nami naomba uniongoze kwa sababu nna jambo limenikaa kifuani na hapa nyumbani Hail sina wa kumwambia, mume wangu Musallam kazi yake iko Sohar, mji wa mbali, anarudi Alkhamisi tu, na wifi yangu Kheiria ndiye mwenye jambo lenyewe.

Mimi skuli sikufika mbali, niliishia darasa la sita, lakini chuo cha Kurani nilihitimu na herufi za Kiarabu nazijua vizuri, na aliyenilea ni Bibi Masouda, mama yake mama, ambaye Kiswahili chake chote hukiandika kwa herufi hizohizo kama wanawake wa rika lake walivyofundishwa Unguja, na Bibi ana wimbo wake, akishamwosha mtoto na kumpaka mafuta humpakata akamshika vidole vya mguu kimoja kimoja akavilaza, kila kidole na ubeti wake, kidole gumba lala wewe ndiye mlinzi, wa pili lala kazi zimekwisha, hivyo hivyo mpaka afike kile kidogo cha mwisho, na hapo ndipo uhodari wake ulipo, kwa sababu ubeti wa kidole cha mwisho huutunga upya kwa kila mtoto wa ukoo, wangu ni wangu, wa Kheiria ni wake, maana yeye na Musallam nao ni wajukuu wa Bibi, tumeoana ndugu, hakuna watoto wawili wenye ubeti mmoja, na mtu mzima na ndevu zake ukimwimbia wake hulainika kama mkate uliochovywa chai.

Basi nikasema nyimbo hizi niziandike kwenye kompyuta zisipotee, tena kwa herufi zake Bibi, ili aweze kuzisoma mwenyewe, nikaanza nyumbani kwa kompyuta ya Musallam, alipohamishiwa Sohar akaenda nayo, nami nikabaki na disketi, ikabidi niende mjini Ruwi kwenye duka la kupiga chapa la dada mmoja Mkenya anaitwa Dorothy, mtu mwema sana, yeye herufi za Kiarabu hazijui lakini kompyuta zake zinaziandika. Siku ya kwanza ya kwenda, Bibi akasema leo na mimi nakwenda, ubeti wa Loai nimeshaupata. Bi Shaikha, laiti ungeona. Bibi amekaa kwenye kiti cha plastiki na buibui lake, Loai mapajani, pembeni wanaume wanatoa fotokopi za pasi zao, na yeye ananiimbia sikioni taratibu, na wale wanaume mmoja mmoja wakageuza vichwa, hata mashine ya fotokopi mtu akaacha kuibonyeza, na mimi naandika kwa kidole kimoja, natafuta alifu iko wapi, lamu iko wapi, na herufi zinatoka kwenye kioo kutoka kulia kama sisimizi wanaokwenda harusini, nikajiona nimo ndani ya ndoto, na kwa kweli, na hili ndilo linaloniuma, sikuwa nausikiliza wimbo, nilikuwa nazisikiliza herufi, neno hata moja halikunikaa.

Nilipomaliza, nikataka kuhifadhi, kompyuta ikatoa maneno ya Kiingereza na vitufe viwili, sikuyaelewa, Dorothy alikuwa na mteja, nikabonyeza cha kukubali, kwa sababu mashine ya benki nayo nimeizoea hivyohivyo, ikikuuliza unakubali, kazi inaendelea, na kwenye kioo herufi zilikuwa bado zipo, nzuri, zimetulia, tukarudi Hail kwa teksi Bibi amesinzia begani kwangu.

Wiki ile ile Bibi akaanguka. Kiharusi. Sasa mkono wa kulia hauna nguvu na ulimi ni mzito, husema ehe, basi, pengine huvumisha sauti ya wimbo bila maneno, na macho yake yako vile vile, yanakufuata chumba kizima.

Nilipotulia nikarudi Ruwi, nikaifungua disketi, zile nyimbo nilizoandika nyumbani zimetoka herufi za ajabu, za Kizungu zenye vikofia na mikia, nikaanza kulia, Dorothy akaniambia, "Ngoja kwanza mama Loai, usilie, hii ni mpangilio tu," akabadilisha kitu kimoja na zote zikarudi, nikamkumbatia. Lakini ubeti wa Loai haukurudi. Umekuwa alama za kuuliza tupu, mistari miwili, zimepangana na nafasi zake kama mlango mdogo wa vyuma. Akabadilisha tena, na tena, zikabaki zilezile. Halafu akaendesha programu yake ya kukagua herufi zote za faili, akageuka anacheka, "Aki mama Loai, si unaona mwenyewe, imepita! Kasoro hakuna hata moja." Nikamwambia mbona hapa pana alama za kuuliza, akasema, "Labda ndivyo wimbo wenu ulivyo, mimi nitajuaje? Mashine haijalalamika."

Bi Shaikha, nilikwenda nyumbani na neno lile, mashine haijalalamika, likawa kama mto wa kulalia. Mchana mmoja Loai amelala, upepo unatikisa pazia, nikawa namtazama kidole chake cha mwisho, na maneno yakaja yenyewe, nikayaandika, na kesho yake nikayatia dukani pale penye alama za kuuliza, Dorothy akanitolea karatasi: *Nawe wa mwisho, mdogo wa nyumba, lala, mwezi nimekuwekea dirishani.* Sikukusudia ubaya. Nilitaka tu pasiwe na shimo.

Kheiria akaja, akasoma, akafika pale, akaanza kulia, akasema, "Haya ndiyo maneno ya Bibi, mwengine hawezi!" Na mimi, Bi Shaikha, nikatazama chini, sikumkanusha. Sasa keshakusanya ukoo mzima, anataka nyimbo zote zichapishwe kijitabu, na Ijumaa ya wiki ijayo zisomwe hapa kwetu mbele ya watu, Bibi aletwe kwenye kiti chake akae katikati. Juzi nimejikaza nikamwambia, wifi, ule ubeti wa mwisho sina uhakika nao. Akanitazama, akacheka, "Wee acha uoga, Dorothy kasema safi, mashine imepitisha. Na hata ukikosea herufi, nani atajua? Bibi mwenyewe hasemi."

Tangu hapo naota ndoto moja. Bibi ananiimbia na kinywani mwake hazitoki sauti, zinatoka alama za kuuliza, nyeusi, nyepesi, zinapanda juu ya dari kama vipepeo, na mimi nazishika kwa kanga. Nikiamka najiambia huenda kuna namna ya kuzirudisha zikawa maneno tena. Je, ipo? Na kama haipo, ninyamaze watu wafurahi, au niseme niharibu siku ya Bibi? Nasubiri jibu lako, nna tumaini nalo.

Mama Loai, Hail

*

Mama Loai, marahaba. Majina yenu nimeyageuza, kwa hivyo punguza hofu, na huyo mtoto mlaze vizuri usome kwa utulivu.

Nianze na kompyuta, maana barua za ukurasa huu wa gazeti siku hizi zinanijia kwa kompyuta na nusu yake hufika zimevurugika. Ulipatwa na maradhi mawili ukadhani ni moja. Zile herufi zenye vikofia na mikia zilikuwa hai. Ndani ya faili ziko kama nambari, na kompyuta ya duka ilizisoma kwa mpangilio usio wake. Dorothy alirudisha mpangilio, zikarudi. Hongera zake.

Alama za kuuliza ni jambo jingine. Kwenye mpangilio wa kompyuta ile herufi zako hazikuwa na nafasi. Ikakuuliza, kwa Kiingereza, je, nizitupe? Ukabonyeza kukubali. Ilizitupa, na mahali pa kila moja ikaweka alama ya kuuliza. Ulichokiona kwenye kioo, bado kizuri, kilikuwa kwaheri tu, disketini zimeingia alama za kuuliza. Hakuna kitu kilichojificha nyuma ya alama zile, na atakayekuambia atakitoa humo anakudanganya. Kamuulize Dorothy jambo moja tu: siku ile, kabla ya ujumbe ule, palihifadhiwa nakala nyingine kwenye kompyuta yake? Kama hapana, khalas, usilisumbue faili tena.

Sasa huo ukaguzi mlioulalia kama mto. Upo utaratibu unaoitwa Unicode, ambamo kila herufi ya kila lugha imepewa nambari yake, na kukagua ni kuuliza: je, kila nambari humu ni ya herufi inayojulikana, nzima, haikukatwa katikati? Ni kazi nzuri na inafaa kufanywa kila mara. Lakini alama ya kuuliza nayo ni herufi halali, mwanangu! Jaza ukurasa mzima alama za kuuliza, mashine itakwambia safi. Tia na ubeti wako mwenyewe, itakwambia safi vilevile. Mashine haikudanganya, wala Dorothy. Hakuna aliyeiuliza maneno haya kayasema nani, na haiwezi kujua.

Ubeti wako ni mzuri, nami nimeusoma mara mbili. Kuutunga si kosa, mama anamtungia mwanawe, nani akulaumu? Kosa ni pale Kheiria alipolia akataja jina la Bibi na wewe ukatazama chini. Hapo ulipokea machozi yasiyo yako.

Na wewe Kheiria, kwa sababu najua utausoma ukurasa huu: unauliza nani atajua? Bibi atajua. Kiharusi kimemchukua ulimi, masikio kimemwachia. Mnataka kumkalisha katikati ya watu, asomewe kwa jina lake maneno ambayo hakuyasema, na ulimi wa kusema hapana hana. Hebu kaa wewe kidogo kwenye kiti hicho.

Mama Loai, fanya hivi. Leo, kabla ya alasiri, mwambie Kheiria kwa maneno machache: ubeti ule ni wangu, wa Bibi umepotea, nilinyamaza, nisamehe. Usianze na kompyuta, utamchosha kabla hujafika. Atafoka. Mwache afoke, kisha mtie naye kazini, maana yeye analijua lile lahani tangu udogo wake. Uchapaji usimame mpaka jambo hili liishe.

Ile mistari ya alama za kuuliza, kama nakala yake ipo, usiifute. Nafasi kati ya maneno zimebaki, kwa hivyo unajua maneno yalikuwa mangapi na kila moja lilikuwa refu kiasi gani. Nakili umbo hilo kwenye karatasi. Maneno yakipatikana yapime hapo. Yasipoenea kwenye nafasi zake, jua bado. Yakienea, usishangilie upesi, hata uongo unaweza kuenea.

Kisha nenda kwa Bibi na mtoto aliyekwisha kuoshwa. Usimuulize "Bibi ulisema nini siku ile?", hilo litamtesa. Mpe mguu wa mtoto mkononi, uanze wimbo wewe, ubeti kwa ubeti, na ukifika kidole cha mwisho nyamaza. Kweli kweli nyamaza, usimsaidie. Rudia kesho, na kesho kutwa. Wako watu wasioweza kuomba maji ya kunywa lakini wimbo wa zamani huwatoka mzima. Ubeti huu ni mpya, sikuahidi kitu. Kheiria awe karibu na redio ya kunasia sauti kwenye kanda, iwe inazunguka tangu mwanzo, nawe safari hii mikono iwe mitupu na kazi yako iwe kusikiliza.

Likitoka neno moja, andika neno moja. Ukienda Ruwi kuliandika, mwambie Dorothy akuchagulie Unicode kabla ya kuhifadhi, na kompyuta ikikuuliza lolote kwa lugha usiyoijua, ondoa mkono umwite, hata akiwa na wateja saba. Usiondoke dukani mpaka faili limefunguliwa kwenye kompyuta nyingine na umelisoma kwa macho yako, mstari kwa mstari.

Yasipotoka maneno, ukurasa wa Loai ubaki mweupe, chini yake muandike kwamba Bibi Masouda alimtungia mtoto huyu ubeti na haukuhifadhiwa. Ubeti wako uweke ukurasa unaofuata, kwa jina lako, bila ya aibu.

Na Ijumaa ile, kabla watu hawajafika, funga mlango, ukae na Bibi peke yenu, umsomee kijitabu chote polepole huku unamtazama usoni. Anaposema ehe, endelea. Anaponyamaza, tia alama ya kalamu hapo. Asilolikubali yeye lisisomwe mbele ya mtu, hata kama mashine zote za Ruwi zimelipitisha.