Sentensi ya Khram

Bangkok, 9 Januari

Makomredi wa kibanda cha tambi, nanyi nyote mnaochambua mchicha na tabia za watu mbele ya runinga ya mama yangu!

Shikamoo Mama. Shikamoo Bi Samruai, shikamoo Bi Chanthip. Habari za mgongo, habari za magoti, habari za baridi itokayo mtoni? Mimi ni mzima wa afya. Adui zangu ni mitihani na wali wa bwalo, na wote wawili nawamudu.

Barua yenu ilifika ikinukia kitunguu saumu, nikaisoma kwa sauti mbele ya chama chetu cha watazamaji. Mwaniuliza kama "Upande wa Pili wa Ukuta" ni tamthilia nzuri. Nawajibu kama mwenyekiti wa chama: ni tamu, na utamu si wema. Khram wa uhandisi na Isara wa muziki wamepanga vyumba vinavyopakana, na nchi nzima inashika roho mkononi kila mmoja wao anapogonga ukuta. Haya. Lakini mbona kila Isara akijikwaa, Khram yuko pale kumdaka? Mimi nimejikwaa katika chuo hiki miaka mitatu, na sijadakwa ila na sakafu. Mbona msichana pekee katika hadithi ni mzushi wa fitina? Mbona wanasimamisha mapenzi yao katikati ili wapakane krimu ya mdhamini? Na wazazi wako wapi, makomredi? Wavulana hawa wameota kama uyoga?

Hayo yote ningeyasamehe. Lisilosameheka ni sehemu ya sita, pale Khram anapomshika Isara mabega kwenye mvua na kutamka: "Mimi sipendi wanaume, nakupenda wewe tu." Nasikia mlilia. Chama chetu kilizomea! Maana sentensi hiyo ni mlango unaofunguliwa kwa mmoja na kufungiwa maelfu. Inasema: sisi wawili si kama wale. Na wale ni akina nani? Wale ndio sisi tuliokaa mkekani tukitazama.

Pigeni kura, mniletee matokeo.

Mwana wenu mpiganaji,
Wasin

Ukurasa huu wa pili, Mama, ni wako peke yako. Nataka kuja nyumbani sikukuu ya mwaka mpya, Songkran, pamoja na Phumin, yule wa famasia niliyekwambia kwamba tunagawana chumba. Hatugawani chumba tu. Nataka tuwamwagie maji mikononi wewe na Baba na kupokea baraka zenu, sote wawili, kama wafanyavyo watoto wengine na wenzi wao. Nitafutie njia.


Tha Uthen, 24 Januari

Mwanangu Wasin,

Marahaba. Sisi hatujambo. Baba yako anakohoa, ila akishika kipaza sauti cha kijiji hakohoi. Wewe endelea kuandika kwa karatasi. Simu yangu anaipekua kila jioni, anasema mkuu wa kijiji sharti ajue habari za kijiji, kuanzia nyumbani kwake.

Barua nimewasomea wenzangu. Bi Chanthip kasema u mkali kama pilipili kichaa: "Lakini mwambie nguo haishonwi kwa mkasi peke yake." Bi Samruai alikuwa akigeuza kuku wake kwenye mkaa, akacheka mpaka akaunguza bawa. "Huyo Khram ananifurahisha! Eti yeye hali samaki, anakula kambare huyu mmoja tu. Sasa huo mwiba uliomkwama kooni ni wa mbuzi?" Tulicheka sote, nami nikacheka. Kura zimekwenda kwako.

Umeuliza wazazi wako wapi. Wazazi tuko huku, tunatazama.

Na mimi nitakupa maoni yangu. Kwenye mvua ile kila mtu alimtazama anayesema. Mimi nilimtazama anayeambiwa. Isara alikuwa amechoka kungoja, na aliposikia, uso wake ulitulia kama wa mtoto aliyefunikwa shuka. Khram sina haja naye.

Ukurasa wa pili niliusoma stoo, nimekaa juu ya gunia la mchele. Kisha nikauchoma kwenye mkaa wa Bi Samruai, si kwa hasira. Nipe muda.

Phumin anakula pilipili?

Mamako


Bangkok, 2 Februari

Shikamoo Mama. Umeamkaje, na Baba kifua chake kinaendeleaje?

Anakula pilipili. Analia, anajifuta, anaongeza kijiko. Ni mtu wa maneno machache. Nikitoka mkutanoni sauti imekauka, namkuta amekwisha chemsha maji ya tangawizi, wala haulizi kama tulishinda au tulishindwa. Sehemu ya sita huirudia peke yake, vipokea sauti masikioni, akidhani nimelala. Nikamtania: "Komredi, unamsaliti mwenyekiti!" Akasema, "Mwenyekiti alale."

Nangoja neno lako.

Mwanao,
Wasin


Tha Uthen, 11 Machi

Mwanangu Wasin,

Hujambo? Na huyo mla pilipili hajambo? Sisi tunapumua. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa natafuta mdomo wa kusemea.

Jumapili, tulipomaliza kuwapa watawa sadaka ya asubuhi, baba yako alikuwa ametulia. Nikamwambia. Alizungusha glasi yake mpaka barafu ikayeyuka. Kisha akasema, "Ndiyo kusema mwanangu ni wa namna ile?"

Mwanangu, sikuwa na neno langu mwenyewe. Nilifungua mdomo, likatoka la Khram. Nikasema: "Hapana, baba Wasin. Yeye hapendi wanaume. Anampenda huyo mmoja tu."

Laiti ungemwona. Mabega yalimshuka. Akasema, kama ni mmoja tu, basi hilo ni fungu la maisha yaliyopita. Huenda watu hao wawili, kabla ya kuzaliwa mara hii, walipata kutoa sadaka katika bakuli moja, na jambo kama hilo hakuna mzazi wa kushindana nalo. Mje. Ila atakuuliza kwa mdomo wake, siku watu watakapokuja kumwagia maji mkuu wa kijiji, ili aulize mara moja na midomo ya watu ifungwe. Wewe utajibu: "Ndiyo Baba, ni huyu tu." Basi. Hakuna atakayeuliza tena.

Najua ulivyoihukumu sentensi ile. Nami niliucheka mwiba wa Bi Samruai. Lakini ndilo daraja nililokuwa nalo. Mbao zake ni mbovu, vukeni upesi.

Barua hii sitamsomea mtu, na jibu lako pia.

Mamako


Bangkok, 19 Machi

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii inakukuta salama, ingawa aliyeiandika ametikisika.

Siwezi. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila mara nimeona mapenzi yako yamesimama ndani yake wima kama nguzo. Bado siwezi. Unaniomba nivuke daraja, nami nauliza: nikishavuka, nani atawavusha walio nyuma yangu? Yupo mtu katika umati ule ule, sijui jina lake wala umri wake, naye siku hiyo atakuwa ameshika bakuli lake la maji, akisikiliza mwana wa mkuu wa kijiji atasema nini. Nikisema "ni huyu tu", nimemzika akiwa hai, na nimemzika kwa maji yenye manukato!

Nilijijua nikiwa na miaka kumi na miwili, kabla sijamjua Phumin. Na Phumin akifa kesho, nitabaki kuwa niliye. Hilo si fungu la maisha yaliyopita, Mama. Ni maisha haya haya. Nimewafundisha wanachama wangu kuizomea sentensi hiyo ikitamkwa na mwigizaji. Je, niitamke mimi, bila mvua, bila malipo, mbele ya baba yangu mzazi? Mwiba uliwachekesha mlipokuwa kwenye kochi la watazamaji. Sasa umo kooni mwangu, na mnaniambia nimeze.

Kurasa tatu zifuatazo ni hoja zangu kwa ukamilifu. Baba akiniuliza, nitamjibu ukweli, na nitamjibu nimesimama.

Mwanao akupendaye,
Wasin


Tha Uthen, 29 Machi

Mwanangu,

Natumai u mzima. Umetumia kurasa nne kunieleza utakalomwambia baba yako. Phumin hayumo hata katika mmoja, ila pale ulipomwua kwa mfano.

Njooni. Nimekwisha nunua manukato na maua ya asumini. Useme utakalosema. Ila kabla hujasema, mtazame anayesikiliza.

Mamako


Tha Uthen, 2 Mei

Wasin,

Hujambo mwanangu? Unakula? Hukuandika tangu sikukuu, basi naandika mimi.

Sikulaumu kwa uliyosema. Ulisema vizuri. Hata Bi Chanthip alininong'oneza, "Kijana anaongea kama redio." Ulisimama ukasema kwamba si huyu tu, kwamba ulikuwa hivyo kabla yake na utakuwa hivyo baada yake. Watu wote walimtazama baba yako alivyovuta mikono yake, maji yakamwagika mkekani na maua yake. Mimi nilimtazama aliyeshika bakuli kando yako.

Mlipoambiwa muondoke, wewe ulikwenda kuchukua mizigo. Phumin alikuja jikoni akaanza kuosha vyombo, na vingine vilikuwa safi. Nikamwambia, "Acha mwanangu, basi litawaacha." Akasema, "Mama, Wasin ana haki. Mimi ni mwanachama, niliizomea sentensi ile na wenzangu." Akalisuuza bakuli lile tena. "Ila nilitaka kuisikia. Mara moja tu."

Nimekaa na maneno hayo siku nyingi nikijiuliza kama ni yangu kukupa. Yachukue.

Baba yako ameondoa runinga kibandani. Anasema usije mpaka uitwe. Jina lako halitaji. Akikutaja husema "yule wa namna ile", halafu hutoka nje akasimama karibu na kipaza sauti chake bila kukiwasha.

Mamako


Bangkok, 21 Mei

Shikamoo Mama. Mgongo wako vipi? Mimi nakula, usiwe na wasiwasi.

Phumin amehama. Ameomba kufanyia mafunzo yake katika hospitali moja kwao Lampang, wakamkubalia. Hatukugombana. Ningeshukuru kama tungegombana, ugomvi ninaujua. Alikunja shuka zake, akaacha birika la tangawizi, akaniambia, "Si mwisho wa dunia, mwenyekiti." Nikamsindikiza hadi stendi nikimweleza ratiba ya maandamano ya mwezi ujao. Ndiyo maneno niliyokuwa nayo.

Barua yako nilikuwa sijaifungua. Ilikuwa mezani wiki nzima, nikiogopa kwamba ndani yake kuna Baba. Kumbe ndani yake alikuwamo Phumin. Niliifungua nilipotoka stendi.

Bado nasema Khram ni mwongo. Ningeulizwa tena leo mbele ya bakuli lile, ningejibu vilevile, na ningejibu nimesimama. Lakini nimekaa na birika hili nikaisikiliza upya sentensi yake, nikaona kwamba kumbe ni mbili, zimeshonwa pamoja na mwandishi mvivu. "Sipendi wanaume": hiyo ndiyo ya uongo, na tutaizomea mpaka tufe. Ile ya pili haikuwa na kosa. Ile ya pili ningeweza kuisema. Ningeweza kuisema kwenye basi, jikoni, usiku wowote ule aliodhani nimelala nami niko macho. Chama kilizizomea zote mbili kwa pumzi moja, na aliyeongoza zomeo ni mimi.

Nimemwandikia Lampang. Hajajibu.

Mwanao,
Wasin


Tha Uthen, 14 Juni

Komredi Wasin, nawe mla pilipili uliye mbali, nanyi wote msioruhusiwa kuingia kwa mlango wa mbele!

Marahaba mwanangu. Mgongo unauma kwa sababu ya mvua, magoti yanaufuata mgongo. Baba yako amekonda. Nimemwuliza kama nikuite, amenyamaza. Zamani alikuwa akisema hapana, kwa hiyo sijui kama huku ni kusogea mbele au kurudi nyuma.

Phumin alinitumia kadi, wino wa bluu, maneno matatu manne. Anafanya kazi, anakula. Amenishukuru kwa asumini. Hakukuulizia, nami sikuongezei neno ambalo halimo.

Barua yako nimewasomea wenzangu. Nisamehe, safari hii ilinishinda kuibeba peke yangu. Bi Chanthip aliweka sindano chini. Bi Samruai hakucheka. Alinyanyuka akaenda ndani, akarudi na runinga ya marehemu mumewe, tukaifunga uani kwake nyuma ya matenga ya kuku. Baba yako anadhani tunachambua mchicha, na kweli tunauchambua.

Tumeanza upya tangu sehemu ya kwanza. Bi Chanthip alitaka sehemu ya sita irukwe. Nikakataa. Tutaitazama. Bi Samruai ndiye atakayeshika rimoti: Khram akifungua mdomo, atamzima sauti, akifika kwenye ile ya pili, ataifungua mpaka mwisho, hata kuku wasikie.

Najua hutaitwa kwa sasa. Mkeka wako tumeutandika, na wa pili kando yake. Upite njia ya mtoni, usipite mbele ya nyumba.

Sehemu ya sita ni Jumamosi, saa tisa alasiri, uani kwa Bi Samruai.

Mamako