Mtoto Anayemwita Baba Yake Fundi

Nyumbani,
Jumapili jioni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Mgongo unaendeleaje? Wamekuhamishia zamu ya mchana kama ulivyoomba? Sisi wazima, ila kuna jambo limenitoa roho.

Ni huyu mdogo wetu, fundi cherehani. Tangu aanze kujisomea Biblia hataki kuelezwa kitu. Kilichoandikwa ni hicho hicho, basi. Hivi karibuni alikuta mahali Yesu anapokataza kumwita mtu baba duniani. Siku hiyo hiyo akampiga marufuku binti yake kumwita baba. Eti amwite Fundi! Nilicheka nikidhani ni mzaha. Hata wewe si Baba Mkubwa tena, umebaki Mkubwa tu.

Wifi, mke wake, alimsihi asome na mistari ya juu yake, kwamba pale wanasemwa wakubwa wa dini waliopenda vyeo na kusalimiwa sokoni, si wazazi. Akamjibu, "Mimi siongezi neno wala sipunguzi."

Sasa sikia. Juzi duka lilijaa wateja wa sare za shule, kila mmoja anaita Fundi. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma nikimsaidia kushona vifungo. Mtoto akavuta waya wa pasi, pasi ikamwangukia mkononi. Akalia, "Fundi! Fundi!" Kaka, yule bwana hakugeuza hata shingo. Alisema, "Subiri zamu yako," na cherehani ikaendelea kunguruma. Mimi ndiye niliyetoka mbio. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile alipogeuka.

Daktari anasema mkono utapona, kovu litabaki. Mdogo wetu alipiga magoti pale wodini, analia mbele za watu, "Mwanangu, niite baba." Mtoto akatikisa kichwa, akanong'ona, "Mungu atakasirika." Nikakaa sakafuni kando ya baba yake.

Tafadhali mpigie simu mtoto mwenyewe. Sisi tumemweleza mpaka basi, wewe huenda akakusikia.

Mama anakusalimu. Nisalimie wifi wa huko na mapacha, Mungu awafunike nyote.

Leo asubuhi, walipombadilisha mtoto bendeji, aliita Fundi kwa sauti ndogo. Mdogo wetu alikuwa amesimama pale pale, akaitika.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokusumbua.