Sindano ya Mgongo Iko Bujumbura, Mimi Niko Rumonge

(Haya nimeyanakili kutoka daftari langu la wakati wa vita, nilipokuwa na mimba ya pili. Maneno ni yale yale. Hasira pia sikuipunguza.)

Jumatano. Joto. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi, mvua hainyeshi wala haiendi zake. Miguu imevimba mpaka ndala hazinitoshi.

Leo nimekaa kwenye bariyeri, kizuizi cha askari barabarani, tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka karibu saa sita, juu ya gunia la ndagala, dagaa wa ziwa letu, halafu nikarudi nyumbani kwangu kama sikutoka. Mimba imebakiza siku za kuhesabu. Nimemchoka kila mwenye mdomo katika mji huu.

Niseme kwanza ninachokiogopa, maana daftari halinicheki. Siogopi kuzaa. Naogopa kuchanika tena.

Mtoto wangu wa kwanza, Shabani, ana miaka minne. Siku aliyozaliwa risasi zilikuwa zinalia milimani tangu adhuhuri, na muganga wa maternite, wodi ya wazazi, aliyenipokea alikuwa anaitazama saa ya ukutani kuliko alivyonitazama mimi. Kuvrefe, marufuku ya kutoka usiku, ilikuwa inaanza saa kumi na mbili jioni, baada ya hapo ukikutwa njiani ni shauri yako, na nyumbani kwake kulikuwa mbali. "Sukuma, mama! Sukuma tu, tunachelewa!" Basi nikasukuma. Niliuma kanga, nikafunga macho, nikasukuma hata pale ambapo mwili wenyewe ulikuwa unaniambia ngoja. Mtoto akatoka kwa mara moja, na mimi nikachanika msamba karibu mpaka nyuma.

Akanishona bila ganzi. Nilimwomba. Akanijibu, wala hakunijibu vibaya: "Iko chupa moja tu, mama, na ni ya watu wa risasi."

Ya watu wa risasi.

Sina ugomvi na watu wa risasi, Mungu awaponye. Ila nataka mtu anieleze mimi siku ile nilikuwa mtu wa nini.

Na mimi ni fundi wa kushona. Cherehani yangu iko barazani, nashonea nusu ya mtaa wetu wa Waswahili. Wallahi, mshono ule nisingeuweka hata kwenye gunia la muhogo. Miezi mitatu nilikaa kwa upande mmoja. Kukanyaga cherehani ilikuwa adhabu. Chooni niliogopa kwenda, nikapunguza kula ili nisiende. Upepo ulinitoka bila kuniomba ruhusa, hata mbele za watu, nikaacha maulidi na harusi nikisingizia kwamba mtoto anaumwa. Na Baba Shabani akisogea kitandani, nilijifanya nimelala fofofo. Alivumilia karibu mwaka, maskini ya Mungu, hakuuliza. Nami sikusema.

Unajua mtaa ulifanya nini? Ulinisifu!

"Hakutoa hata sauti!" Mama mkwe alizunguka na habari hiyo nyumba kwa nyumba. Hapa kwetu, awe Muislamu au Mkristo, Mrundi au Mkongomani, mwanamke akilia wakati wa kuzaa ameuaibisha ukoo. Na kuna mashindano mengine juu ya hayo: anayefika maternite mapema ni mwoga. Hodari ni yule anayefika kichwa cha mtoto kinaonekana, azae hata mkeka haujatandikwa. Mimi nilichelewa kwa makusudi. Uchungu ulianza alfajiri, nikapika, nikafagia, nikakunja nguo za watu, kila wakiniuliza nasema bado, bado. Nilipofika kwa muganga jua limeshapinda na yeye anawaza njia ya kurudi kwake. Sifa nilizipata. Sifa haziponyi kidonda.

Sasa tangu tumbo hili lionekane, kila mtu amekuwa daktari.

Mama mkwe analeta mawese. Kila Ijumaa chupa, eti nijipake nyonga na mapaja na huko chini, njia ilainike. Shuka zangu zote zimekuwa rangi ya machungwa na nyumba inanuka kama kiwanda. Jirani yetu Mama Furaha, aliyekimbia kutoka Uvira, yeye ni wa bamia. "Kula bamia mingi, dada, mutoto atateleza." Nimekula bamia mpaka ninayeteleza ni mimi. Juzi Baba Shabani naye akaja na lake: amesikia kwa wavuvi, kule anakonunua ndagala, kwamba mjamzito akipanda na kushuka mlima kila siku hachaniki. Wavuvi! Jamani, wavuvi ndio mabingwa wa msamba! Nikamwambia uchungu wa mwana aujuaye mzazi, aende akawaambie hivyo.

Halafu ndiyo akaja wifi yangu Zaina.

Zaina ni dada yake Baba Shabani, anakaa Buyenzi, Bujumbura. Alijifungua mwaka jana kwenye kliniki moja ya mjini na akapigwa peridurale. Ni sindano ya mgongo, inaua maumivu kuanzia kiunoni kwenda chini. Alivyoisimulia, utadhani alikwenda harusini. "Wifi, sikusikia kitu! Nilikuwa napiga soga na muganga, nikashtukia mtoto analia." Akaja Rumonge mwenyewe kunichukua. Baba Shabani akaniombea kiti cha mbele kwenye lori la ndagala, na mimi nikafunga mzigo.

Nikiri ujinga wangu hapa. Niliamini kwamba sindano ile inazuia kuchanika. Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliitunga mwenyewe kichwani, kwa sababu ndicho nilichokuwa nakitaka, na wiki nzima nimelala usingizi mzuri kwa ajili ya jambo ambalo sikumuuliza mtu.

Leo asubuhi tulikuwa kwenye bariyeri kabla jua halijapanda. Barabara ya Bujumbura siku hizi haipitwi na gari moja moja. Mnapangwa mstari, mnangoja askari wa kuwasindikiza, ndipo konvoi inaondoka. Tukangoja. Kiti cha mbele kilinibana tumbo, nikashuka nikakaa juu ya gunia. Ilipofika saa nne hivi, kwa kukosa la kuzungumza, nikamuuliza Zaina, "Na msamba, wifi? Ulibaki mzima kabisa, siyo?"

Akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba.

"Zaina."

"Nilichanika, wifi. Lakini sikusikia!"

"Hukusikia lini?"

"Siku ile. Kesho yake nilisikia. Walinishona, nilikaa wiki nyingi siwezi kukohoa." Akashusha sauti, maana dereva alikuwa karibu. "Wao wananiambia sukuma, mimi sijui nasukuma nini, miguu yote imekufa ganzi. Mwisho wakamvuta mtoto na vyuma."

Yarabi.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema hakuna aliyemuuliza, wote walikuwa wanauliza maumivu tu. Na kweli, mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao.

Nisieleweke vibaya. Sindano ile siidharau. Ingekuwapo hapa Rumonge ningekuwa wa kwanza kwenye mstari, na Zaina nampongeza, maumivu siyo ibada. Ila mimi nilikuwa navuka barabara ya risasi kwa sababu ya msamba wangu, na msamba haukuwamo katika mkataba!

Ilipokaribia saa sita askari mmoja akapita akipiga mabodi ya magari kwa kiganja. Risasi upande wa Gitaza, kwenye barabara hiyo hiyo. Hakuna konvoi leo. Kesho labda. Watu wakashusha mizigo bila hata kulalamika, tumezoea. Mimi nikabaki nimesimama na swali moja: hivi uchungu ungenishika pale Gitaza, katikati ya magari, nani angenizalisha? Dereva? Nikamuuliza Zaina. Hakuwa amelifikiria. Nilipofika nyumbani nikamuuliza Baba Shabani, akakuna shingo. Hawa watu wamenipangia safari nzima, kiti, mzigo, mpaka chai kwenye chupa, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kwamba nina mtoto tumboni. Nami pia sikufikiria. Ndicho kinachoniudhi zaidi.

Sikukaa. Nikaenda na hasira zangu mpaka kwa Konsolata, muganga mzalishaji wa kituo kidogo kilicho nyuma ya soko. Ni Mrundi wa kutoka milimani, amekimbilia huku na watoto wake, na analala palepale kituoni, chumba cha nyuma. Watu wanamwita mkali. Sikuwahi kwenda kwake kwa sababu hiyo.

"Amahoro, mama. Kaa."

Nikamwambia nimekaa vya kutosha leo. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, ya Shabani, ya gunia, hata ya upepo, jambo ambalo sijawahi kulitamka mbele ya mtu. Hakucheka. Akanipima, akaligusa kovu, akaguna.

"Peridurale sina," akasema. "Ganzi ya kushonea ninayo kidogo. Yako nitaiweka pembeni, lakini ni vita, siwezi kuapa. Na kuchanika kidogo kunaweza kutokea, sitakudanganya. Lakini hii yako ya kwanza ilikuwa ni haraka. Mutoto anahitaji muda wa kutoka."

Nikamuuliza nifanye nini basi. Nilitegemea jani, au mafuta mengine.

"Uje mapema. Uchungu ukianza, uje. Mimi nalala hapa, saa haitanifukuza. Hutalala chali, utalala kwa ubavu. Kichwa kikifika mlangoni nitaweka kitambaa cha maji ya moto na mkono wangu, nitakuambia usisukume. Hapo ufungue mdomo. Upulize, ulie, uimbe, unavyotaka. Ukibana mdomo, na huko chini kunabana."

Nikamwambia sisi huwa hatulii.

"Najua. Na mimi ndiye ninayewashona."

Nilitoka pale nikiyahesabu kwa vidole. Maji ya moto. Ubavu. Mkono wa mtu asiye na haraka. Hakuna hata kimoja kinachotoka ng'ambo! Hakuna kinachohitaji lori wala askari! Miaka minne nimebeba aibu hii peke yangu, nikidhani mwili wangu ndio mbovu, kumbe nilinyimwa maji ya moto na nusu saa. Nililia njiani, mbele za watu, wakadhani nalilia konvoi.

Nimefika nyumbani nikamkuta mama mkwe uani anachambua maharagwe. Nikasimama mbele yake nikamwambia moja kwa moja, kabla ujasiri haujaniishia. Nikasema, mama, nisamehe, lakini mara hii uchungu ukinishika tu nakwenda, hata ikiwa jogoo hajawika. Na nitapiga kelele. Wakikuambia mkwe wako mwoga, waambie ndiyo.

Nilijiandaa kwa vita. Yeye ni mwanamke aliyezaa saba, na wote saba mtaa unawataja kwa kimya chake.

Aliendelea kuchambua, jiwe huku, harage huku. Halafu akasema, bila kuniangalia: "Mimi nilichanika kwa mume wako. Yeye ndiye wa kwanza. Sikushonwa kabisa."

Nikakaa chini. Safari hii nilikaa.

"Mpaka leo nikikohoa nabadilisha nguo. Nikisali, kuna siku natawadha mara tatu kwa sala moja. Baba yao alikufa hajui."

Baba Shabani ana miaka thelathini na sita. Miaka yote hiyo anabadilisha nguo. Nilimjua mwanamke huyu kwa hukumu zake tu. Sikuwahi kujiuliza kwa nini hakai kwa watu hata kahawa ipoe, wala kwa nini hajawahi kupanda gari kwenda Bujumbura kuwaona wajukuu.

Bado nilikuwa na hasira. Nikamuuliza, mama, sasa kwa nini mimi ulinisifu kwa kunyamaza? Ulijua!

"Ningekusifu kwa lipi? Hiyo ndiyo sifa pekee niliyopewa mimi." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nikakupa na wewe."

Zaina alichungulia kutoka jikoni, akatuona, akarudi ndani kimya kimya, na kwa mara ya kwanza leo nikamshukuru.

Nimekata shauri. Bujumbura siendi, hata konvoi ikiondoka kesho na ngoma. Mzigo niliofunga unatosha kwenda nao nyuma ya soko. Na mama mkwe nimemwambia ataingia na mimi, Konsolata akubali asikubali, na kazi yake itakuwa moja tu. Najijua. Nikizidiwa nitasahau niliyoyaandika hapa, nitauma kanga kama tulivyofundishwa. Nikamwambia, mama, ukiona nimenyamaza, unifinye.

Akaniangalia mara ya kwanza tangu nifike.

"Nitakufinya," akasema, "mpaka kule mjini Nyanza-Lac wakusikie."