Kikombe Kimerudi Kabatini

Jumatano, Machi 1993

Si ukimwi. Mama mkwe aliposikia tu hayo akapiga kigelegele mbele ya daktari. "Alhamdulillahi! Mwanangu iko muzima!"

Daktari alikuwa hajamaliza, lakini aliyebaki kumsikiliza ni mimi tu. Alisema damu ya mume wangu Saidi imejaa kinga za kupigana na kirusi kingine. Karibu sote tunacho na hakitudhuru, ila kwa wachache huleta saratani ya koo, huko juu nyuma ya pua. Damu peke yake haitoshi, lazima wakate kinyama wakipime. Lakini macho ya daktari hayakutoka kwenye uvimbe wa shingoni mwa Saidi.

Saidi alicheka njia nzima. Mama, aliyemtengea kikombe tangu siku alipotolewa damu, leo amekirudisha kabatini kati ya vyetu. Baada ya futari majirani wamejaa, kila mtu anampa mkono.

Mimi nikawamiminia kahawa. Ningeanzaje kuwaambia yaliyobaki?

Walipoondoka nikamjaribisha kanzu ya Idi ya mwaka jana. Kola haifungi tena.

"Nimenenepa," akasema kwa furaha.

"Umenenepa," nikamjibu, na mifupa ya mabega yake inanichoma vidoleni.