Makasia kwa Konseye

Jumamosi, 1 Agosti 1998

Chai, mikate, darubini ya Madame. Tumeshuka bandarini saa moja. Mzee Hamisi katupatia boti, kachukua kitambulisho changu, kakitia mfukoni mwa kanzu. Ndivyo tunavyofanya sisi magidi, waongoza watalii, wa Kamembe: boti ikitoka, kadi inabaki kwa mwenye boti. Boti ikirudi, kadi inarudi. Sijawahi kufikiri mara mbili.

Tumefika kisiwani Nkombo kabla ya adhuhuri. Madame Klara, mtalii wangu, ni mwalimu mstaafu, nywele nyeupe, miguu ya mbuzi. Kila kilima anakitaka. Kila ndege mdiria anamwandika daftarini. Tumepiga kambi uani kwa Papa Bahati, mvuvi, rafiki yangu wa siku nyingi.

Zawadi, mke wangu, yuko Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kwa mama yake. Mtoto wa kwanza huzaliwa ukweni, mama mkwe hataki mjadala. Siku zimetimia. Jumanne narudisha boti, Jumanne hiyo hiyo navuka daraja. Nimemwahidi: nitakuwepo, na adhana mtoto ataisikia kwangu.

Jumapili, 2 Agosti

Madame ameogelea asubuhi nzima. Hakuna mamba humu, nimemwambia mara nne, sasa ameamini na hatoki majini. Tumekula sambaza wabichi wa kukaanga, vile visamaki vya ziwa hili. Siku nzuri, sikatai.

Jioni mlio kutoka upande wa Bukavu. Papa Bahati anasema wanapasua mawe. Napajua wanapopasua mawe. Mlio huu niliusikia miaka miwili iliyopita. Redio yake inakoroma tu.

Jumatatu, 3 Agosti

Vita. Konseye, mkubwa wa kisiwa, amepita nyumba kwa nyumba. Boti hazitoki. Ili asisumbuke kulinda ufuo wote, amekusanya makasia ya kisiwa kizima, na injini yetu, akafungia ghalani kwake. Kufuli kubwa kama ngumi. Mitumbwi imelala ufuoni, mizima kabisa, haina kazi.

Wanaume wamekaa mbele ya ghala wakitazama mlango. Mimi pia.

Jumanne, 4 Agosti

Leo ningevuka.

Madame kasema tusikae bure, tupande kileleni. Nikapanda naye, sura nimeikunja. Nilitaka kuiona Bukavu. Ukungu wa kiangazi umefunika kila kitu, ziwa limeishia hapo karibu kama ua wa nyumba. Yeye kavuta pumzi, kasema ni pazuri kama picha. Kidogo niitupe ile darubini bondeni.

Baadaye niliona haya. Vita hakuvileta yeye. Lakini nimechoka na kuonyesha watu uzuri wa ziwa.

Jumatano, 5 Agosti

Sambaza wakavu asubuhi. Sambaza wakavu jioni. Ziwa limetulia. Nalichukia.

Alhamisi, 6 Agosti

Boti ya askari imekuja kumchukua Madame. Pasipoti yake imesomwa haraka. Nikapanga mstari nyuma yake na begi langu.

"Na weye, kadi iko wapi?"

Nikaeleza. Boti, Mzee Hamisi, mfuko wa kanzu. Yule askari hakuwa mkali, hata alinihurumia. Akasema kwa Kiswahili changu hiki hiki anaweza kukutana na watu mia ng'ambo ile, atajuaje mimi ni wa upande gani? Madame alikataa kupanda bila mimi. Akaketi mchangani, mtu mzima, kama mtoto aliyenyimwa. Nilimwomba aende, amtafute Mzee Hamisi. Alilia. Mimi nilikuwa na hasira tu, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu. Miaka tisa nimegawa kitambulisho changu kama mwavuli.

Ijumaa, 7 Agosti

Baada ya swala nimeng'oa ubao wa kitanda. Mchana kweupe. Nimeshuka nao ufuoni, nikiwa na nia ya kupiga kasia kwa ubao mpaka Bukavu. Naandika haya nione upumbavu wangu.

Papa Bahati alinitangulia. Kaingia mtumbwini, kaketi katikati, hatoki. Nilimsukuma. Nilimtukana yeye na ukoo wake. Akazishika kingo kwa mikono miwili.

"Askari banaweza kukupiga masasi. Ukifia mu maji, ni miye nitaenda kuambia bibi yako?"

Nikaketi majini na nguo zangu. Nililia mbele ya wanaume wote wa kisiwa. Hakuna aliyecheka. Jioni Papa Bahati karudisha ubao kitandani, kapigilia misumari miwili, kaniletea uji.

Jumapili, 9 Agosti

Mzee Hamisi amekuja mwenyewe. Kaomba nafasi kwenye boti ya dawa, kaketi juu ya maboksi, yeye na uzee wake. Madame alimwendea mara tatu kabla ya kuondoka kwenda Kigali. Mzee hakunisalimia. Alitoa kadi mfukoni, akaniwekea mkononi, akavifunga vidole vyangu juu yake.

"Nisamehe, kijana yangu. Sikujua."

Hata mimi sikujua. Tumerudi Kamembe pamoja. Boti imebaki kisiwani na makasia.

Jumatatu, 10 Agosti

Daraja limefungwa. Nimesimama pale tangu asubuhi, kadi mkononi. Hakuna aliyeiuliza.

Mto pale ni mwembamba, jiwe linavuka. Nimeona ng'ambo mtu akifua shati. Nimemwona mpaka vifungo. Kisiwani niliamini kwamba nikitoka tu nitakuwa nimefika.

Jumatano, 12 Agosti

Daraja tena. Hamna.

Alhamisi, 13 Agosti

Asubuhi wameruhusu wanawake wachache wa biashara wavuke kuja huku. Mmoja, mwenye kapu la vitunguu, alikuwa akiuliza sokoni nani ni Ramadhani gidi. Wakamleta mpaka mlangoni kwangu.

"Bibi yako amezala. Ijumaa. Maman iko muzima, mutoto iko muzima."

Nilimuuliza ni wa kiume au wa kike. Hakujua. Aliyemtuma alitumwa na mwingine, na yule naye alitumwa. Walichopokezana ni hicho tu. Nikamshukuru, nikamtwika kapu lake, akaenda zake.

Ijumaa mpaka leo ni siku saba. Leo wamemnyoa nywele na kumpa jina. Babu yake atakuwa ameliita mbele ya watu, na watu wameitikia, wamekula pilau.

Nimefagia nyumba. Nimeoga, nimevaa kanzu safi, nimeketi. Nilitaka kumwombea dua mwanangu. Nimesema Mungu amlinde, nikakwama hapo, sina jina la kutaja.