Mlango Usiokwaruza

Mdogo wangu,

Salamu baadaye, kwanza nikugombeze. Nani alikutuma uniletee fundi? Mlango wa kioo wa kwenda uani ulikuwa unakwaruza relini mpaka majirani wanasikia, lakini kwa kelele ile nilijua baba anatoka. Fundi wako kabadilisha magurudumu, kapaka grisi, sasa unateleza kimya. Wiki hii baba katoroka mara tatu. Jana tumemkuta stendi amevaa kandambili zangu, eti anakupokea wewe!

Leo nimemwambia fundi arudishe magurudumu mabovu. Kanitazama kama vile usahaulifu wa baba umenipata mimi.

Baba ameshaoga, anauliza gari lako linafika saa ngapi. Mjibu mwenyewe.

Dada yako,
nimekaa mlangoni.